Kihamba na Matunzo ya Wazee miongoni mwa Wachagga

Kwa Wachagga wa miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania, kumtunza mzee hakujawahi kuwa jambo la huruma peke yake, kwa kuwa tangu zamani matunzo yalifungamana na ardhi, na hasa na kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na miti ya kivuli, ambalo hurithiwa ndani ya ukoo wa baba na ambamo wafu wa familia huzikwa. Kwa mujibu wa mila, mtoto wa kwanza wa kiume alipewa ardhi yake alipooa, watoto wa kati walisaidiwa kupata mahali pengine au walijitafutia wenyewe, ilhali kitindamimba wa kiume alibaki nyumbani, akaishi na wazazi mpaka mwisho wa maisha yao, kisha akarithi nyumba na kihamba kilichoizunguka. Mgawanyo huu mara nyingi huelezwa kama kanuni ya urithi tu, lakini ulikuwa pia kanuni ya malezi ya uzeeni, kwani ulimtaja mapema, pengine akiwa bado mtoto mchanga, yule ambaye siku moja angewajibika kujua kama baba amekula na kama mama ameweza kuinuka kitandani.

Wataalamu wa afya na ustawi wa jamii hutumia istilahi ya tathmini ya mahitaji kwa maana ya uchunguzi wa mambo ambayo mzee bado anayaweza mwenyewe na yale anayohitaji kusaidiwa. Kipimo kinachojulikana sana katika uwanja huo ni kile kilichochapishwa na Sidney Katz na wenzake nchini Marekani mwaka 1963, kinachoangalia shughuli sita za msingi: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuinuka na kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuweza kuzuia haja, na kula. Mwaka 1969 Lawton na Brody waliongeza kipimo cha shughuli ngumu zaidi, kama vile kutumia simu, kufanya ununuzi, kupika, kutunza fedha na kufuata ratiba ya dawa. Katika kihamba hapakuwa na karatasi ya namna hiyo, wala haikuhitajika, kwa sababu anayepima na anayetunza walikuwa mtu mmoja, naye aliyaona maisha ya mzee kila siku.

Namna upimaji huo ulivyofanyika inaonekana vizuri katika kazi za kawaida za nyumbani. Ng'ombe wa Wachagga kwa desturi hufugwa ndani, hulishwa majani ya migomba na nyasi zinazobebwa kichwani kutoka tambarare, na kwa hiyo mama mkongwe mwenye ng'ombe mmoja alihitaji mtu wa kumletea nyasi, maji na kuni. Kwa kawaida mjukuu alipelekwa kukaa na bibi kwa ajili ya kazi hizo, akilala huko na kula huko. Mjukuu huyo alikuwa msaidizi, lakini pia alikuwa shahidi: akirudi kwa mama yake na kusema kwamba bibi ameacha chakula, au kwamba amelisahau jiko likiwaka, habari ilikwisha fika kwa mtu mwenye wajibu wa kuchukua hatua. Mtori, yaani mchuzi mzito wa ndizi na nyama ambao kwa desturi hupikiwa mzazi aliyejifungua, ulimfaa pia mzee asiye na meno, na mpishi hakungoja kuambiwa kwamba wakati wake umefika.

Zaidi ya familia, kulikuwa na ukoo na majirani. Mnyama alipochinjwa kwa ajili ya sherehe au upatanisho, nyama iligawanywa kwa viungo, kila kiungo kikiwa na mwenyewe kulingana na umri na nafasi yake katika udugu, na mbege, ambayo ni pombe ya ndizi na ulezi, ilitolewa kwa kufuata ukubwa huohuo. Katika utaratibu wa aina hiyo mzee asiyefika hakuweza kupotea kimyakimya, maana fungu lake lilibaki mbele ya watu, likawalazimu kuulizana yuko wapi na nani atampelekea. Mwanaanthropolojia Sally Falk Moore wa Marekani, ambaye mwaka 1978 alichapisha makala kuhusu uzee miongoni mwa Wachagga kutokana na utafiti wake wa mwaka 1974, alitilia mkazo jambo hilohilo, kwamba uzee wao ulikuwa mwendelezo wa uhusiano wa maisha yote kati ya watu waliojuana tangu utotoni hadi kaburini. Hoja hiyo ina upande wake mchungu, ambao wasifiaji wa mila hupenda kuuruka: mzee aliyewadhulumu nduguze mipaka ya shamba akiwa na nguvu, au aliyemfukuza mkewe, alikutana na kumbukumbu hizo siku alipohitaji kuinuliwa.

Mila iliweka pia mipaka kuhusu nani anaruhusiwa kufanya nini. Kumwogesha mzee ni kazi inayogusa aibu, na heshima kati ya mke wa mwana na baba mkwe ilimfanya mwanamke huyo apike, afue na kutandika kitanda, lakini asimguse mwilini, kazi ambayo iliachwa kwa wana au wajukuu wa kiume. Mama mkongwe naye aliogeshwa na binti au mjukuu wa kike. Mpangilio huu ulifanya kazi nyumba ilipokuwa na watu wengi, lakini leo, katika nyumba iliyobaki na wawili, unaweza kumwacha mzee siku kadhaa bila kuoga huku kila mmoja akidhani anatunza adabu.

Kilichobadilisha utaratibu huo wa zamani kwanza kilikuwa kahawa, na kwa muda mabadiliko hayo yaliwanufaisha wazee. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933, na kwa miongo kadhaa malipo ya kahawa, ya kwanza na ya pili, yaliingia mikononi mwa mwenye kihamba, ambaye mara nyingi alikuwa mzee mwenyewe. Kwa hakika kahawa ilikuwa pensheni yake, tena pensheni iliyomwezesha kulipa ada za wajukuu na hivyo kuendelea kuwa mtu anayeombwa. Baada ya mgao wa kimataifa wa mauzo ya kahawa kuvunjika mwaka 1989 bei ziliporomoka, wakati ambapo vihamba vilikuwa vimekwisha kugawanywa vipande vidogo visivyotosha familia moja. Vijana walikwenda Arusha, Dar es Salaam na nje ya nchi, na kitindamimba hakusalia nyuma, ijapokuwa hakuacha kuwa mrithi.

Tangu hapo utunzaji umegeuka kuwa fedha zinazotumwa kwa simu, na tathmini imehamia mwezi wa Desemba, ambapo Wachagga wa mijini hurudi kwao kwa wingi kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya. Katika siku hizo chache mzee huwa amevalishwa vizuri, amezungukwa na wajukuu, na amechangamka kwa furaha ambayo huficha mengi. Watoto humwona katika hali yake bora kabisa, hushauriana usiku mmoja, kisha huamua kujenga. Nyumba inayojengwa huwa ya tofali, yenye marumaru zinazoteleza na ngazi tatu mlangoni, na mama mwenye magoti mabovu huendelea kukaa katika jiko lake la zamani kwa sababu huko anaweza kuingia. Fedha si kidogo, na nia haina kasoro. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwamba hitaji lilikuwa choo chenye mahali pa kushika na si sebule. Binti wa kazi anayeajiriwa kukaa na mama huyo, naye wakati mwingine huwa ametoka mkoa mwingine na hajui Kichagga, lugha ambayo huenda ndiyo pekee iliyobaki kinywani mwa mkongwe ambaye kumbukumbu zake zimeanza kumtoka.

Suala hilo la kumbukumbu limechunguzwa kwa karibu katika Wilaya ya Hai, upande wa magharibi wa mlima, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwahusisha watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 au zaidi katika vijiji sita, ukakadiria kwamba asilimia 6.4, baada ya kurekebisha takwimu kwa umri, walikuwa na dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu, fikra na uwezo wa kujitegemea. Kwa familia nyingi dalili hizo huitwa uzee tu. Kwa vile vipimo vya kigeni humtaka mzee asome, aandike au achore, watafiti walitengeneza kipimo kifupi ambacho hata asiyewahi kushika kalamu anaweza kukifanya: hupanga vijiti vya kiberiti kwa kufuata umbo aliloonyeshwa, hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, hutaja siku ya wiki na jina la kiongozi wa mahali. Dodoso lililoambatana nacho humuuliza ndugu wa mzee kuhusu mambo yenye uzito katika jamii ile, kama vile iwapo bado anaombwa ushauri au kuongoza sherehe. Kipimo hicho kinakaribia sana hekima ya kihamba, kwani kinakubali kwamba uzima wa mzee hupimwa pia kwa nafasi yake mbele ya watu. Hata hivyo jibu la dodoso hutegemea ndugu anayeishi naye, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, iliyomtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, iliiweka familia kuwa nguzo ya kwanza ya matunzo, bila kueleza ni nani ndani ya familia hiyo. Katika vihamba vingi jibu linajulikana: ni binti aliyerudi baada ya ndoa kuvunjika, au ambaye hakuolewa, au mjane wa mwana aliyefariki. Ndiye anayejua kwamba dawa ya shinikizo la damu imekwisha na kwamba baba huanguka alfajiri akienda kukojoa. Mila haikumhesabu katika urithi wa kihamba, na sheria haikumsaidia sana, kwa kuwa Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililoandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba, lilimnyima hata mjane fungu la urithi pale marehemu alipoacha ndugu wa ukoo wake, likamwachia matumaini ya kutunzwa na wanawe.

Wazee wa ukoo wanaoketi kugawa kihamba baada ya matanga hawana budi kukumbuka kwamba mila waliyoirithi haikumpa kitindamimba nyumba kwa sababu alizaliwa mwisho, bali kwa sababu alibaki. Aliyebaki leo ni binti, na kihamba ni haki yake.