Kununua Simu ya Kikundi: Mambo Yaliyotupata Dukani

Vikundi vingi siku hizi vinataka simu janja, wala si kwa kujionyesha. Michango inaingia kwa M-Pesa, habari za mikutano zinatumwa kwa WhatsApp, na katibu anataka kupiga picha ukurasa wa daftari ili mwanachama aliye mbali aone hesabu yake. Sisi pia tuliamua kununua. Tunawaeleza yaliyotupata ili ninyi msipitie njia ile ile.

Tuko wanachama 24. Kila mmoja alitoa Sh. 400, zikawa Sh. 9,600. Tukachagua watatu waende mjini: mwenyekiti, katibu na mweka hazina.

YALIYOTUPATA

Duka la kwanza tulisimama karibu nusu saa. Vijana wa duka waliongea wao kwa wao, na bwana mmoja mwenye tai alipoingia nyuma yetu, akahudumiwa kwanza. Duka la pili tulipokewa vizuri sana: "Karibuni wazee, karibu mathe, simu yenu iko hapa!" Lakini kila tulipouliza simu nyingine, kijana aliturudisha kwa ile ile. Duka la tatu, bei iliyobandikwa ilikuwa Sh. 8,999. Tulipotaka kuinunua tukaambiwa ati hiyo imeisha, iliyobaki ni ya Sh. 9,500.

Jua lilikuwa linatua na gari la mwisho lilikuwa karibu kuondoka. Tukauliza, "Itaweza kuweka picha nyingi?" Tukajibiwa, "Hii? Hii ina RAM nne, haiwezi kujaa!" Tukalipa. Boksi lilifunguliwa baada ya pesa kuingia, si kabla.

Baada ya wiki tano simu ikaanza kukwama. Ukifungua WhatsApp, M-Pesa inakataa. Tulirudi dukani, tukaonyeshwa maandishi chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Lakini kilichotuuma zaidi si simu. Nyumbani minong'ono ilianza: "Hiyo ni simu ya elfu tano, hao watatu wamegawana." Mweka hazina wetu, mama ambaye ametunza pesa zetu miaka sita, alikuja mkutanoni akaweka ufunguo wa sanduku mezani. Akasema tutafute mwingine. Kikundi kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya simu.

KWA NINI MAMBO HUWA HIVYO

Tulipotuliza hasira tulianza kuuliza watu wanaoijua kazi hiyo. Kumbe baadhi ya vijana wa dukani hulipwa kamisheni, na wengine wamewekwa pale na kampuni moja ya simu ili wauze simu zake tu. Yule wa duka la pili hakuwa na ubaya na sisi. Alikuwa anafanya kazi yake, na kazi yake haikuwa kututafutia simu inayotufaa. Hiyo ni kazi yetu wenyewe.

Tena tulielezwa habari ya ile "RAM nne". RAM ni kama meza ya kufanyia kazi: ikiwa ndogo, huwezi kufungua madaftari mengi kwa wakati mmoja. Nafasi ya kuhifadhi ni kama kabati, ndimo picha zinamokaa. Kwenye boksi letu iliandikwa kwa herufi ndogo 2+2. Maana yake, RAM ya kweli ni 2, na zile 2 nyingine simu inazikopa kutoka kwenye kabati. Hiyo ya kukopa ni nzito kuliko ya kweli. Na kabati lenyewe lilikuwa la GB 32, ambazo sehemu kubwa imeshikwa na programu za simu yenyewe. Sisi tuliuliza habari ya kabati, tukajibiwa habari ya meza.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Andikeni kazi ambazo simu itafanya, moja moja, na kiasi cha pesa ambacho hamtapita. Isomeni mkutanoni, wote wakubali, iingie kwenye kumbukumbu. Ondokeni asubuhi. Mtu anayekimbilia gari hanunui, anauziwa. Tena kubalianeni kwamba mnaweza kurudi bila simu, na hakuna atakayelaumiwa.

MKIWA DUKANI

1. Ombeni simu iwashwe kabla ya kulipa. Wakikataa, tokeni. Maduka ni mengi.

2. Someni boksi wenyewe. Mkiona alama ya kujumlisha kwenye RAM, hesabuni nambari ya kwanza tu.

3. Bonyezeni *#06#. Nambari ya IMEI, yenye tarakimu 15, itatokea. Simu ya laini mbili huonyesha nambari mbili. Lazima zilingane na zile za kwenye boksi. Hili si jambo dogo. Mwishoni mwa Septemba 2012 simu bandia zilizimwa hapa Kenya, na watu wengi wakabaki na simu zisizoshika mtandao.

4. Wekeni laini yenu, mpige simu, mfungue intaneti, mchomeke chaja.

5. Kijana akijitolea kuwatengenezea simu, angalieni asitumie akaunti yake. Siku simu ikifutwa itadai neno la siri la akaunti hiyo, nanyi hamlijui. Na PIN ya M-Pesa msimpe mtu yeyote.

6. Risiti iandikwe jina la kikundi, aina ya simu, IMEI, bei na muda wa waranti.

KULIPA POLEPOLE

Mkiambiwa kuna mpango wa kulipa kila siku, pigeni hesabu kwanza. Tuseme simu ni Sh. 15,000 taslimu. Kwa mpango ni Sh. 2,500 za kuanzia, na Sh. 60 kila siku kwa siku 365. Hizo 60 zinafika Sh. 21,900. Jumla ni Sh. 24,400, yaani mmeongeza Sh. 9,400. Tena simu nyingi za namna hiyo hujifunga msipolipa.

IKILETA SHIDA

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa. Kwa hivyo simu ikiwa mbovu, maandishi ya "hairudishwi" yasiwatishe. Rudini mapema na risiti na boksi, mwombe kuonana na meneja, mseme kwa upole lakini msiondoke bila jibu. Lakini kama simu ni nzima, na shida ni kwamba mlichagua ndogo, hapo mna kazi ngumu. Yetu ilikuwa hivyo, na ahadi ya mdomo hatukuwa na namna ya kuithibitisha.

Kuhusu mama yetu, tulipitisha risiti mkono kwa mkono, kila mmoja akasoma bei na kuilinganisha IMEI na ya simu. Walionong'ona waliomba msamaha mbele ya wote, na ufunguo akaurudisha mfukoni. Simu bado tunayo. Tuliweka kadi ya kuhifadhia picha, tukafuta programu tusizozitumia, na inatusaidia kiasi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kikundi chetu kina kazi gani ambayo haiwezi kufanywa na kabambe na daftari?

2. Tukiwatuma watu kununua kitu, tunawapa maagizo gani kwa maandishi?

3. Kitu kikiharibika, tunauliza kwanza risiti, au tunaanza na lawama?