Kabla hujavuka Namanga, angalia simu yako!

MSOMAJI wangu, wiki hii mambo ya mapenzi tuyape likizo, tuongee kuhusu simu. Najua utasema simu unaijua, unalala nayo na kuamka nayo. Hata mimi nilijidanganya hivyo hivyo. Hapa mtaani kwetu Miyuji, tangu nimalize kidato cha nne, mimi ndiye "fundi" wa simu za akina mama. Huyu nimuungie bando, yule nimfutie picha, mwingine WhatsApp imegoma. Sifa zikanilevya, jamani!

Mama mdogo wangu anauza mashuka na mapazia. Mzigo wake anaufuata Eastleigh, Nairobi. Anapanda basi la Arusha, anapita Kondoa na Babati, na kutoka Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110 tu. Pale mpakani, tangu kituo cha pamoja kizinduliwe Desemba 2018, unamalizana na maofisa wa nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Ukitoka hapo, uko Kenya.

Machi 2024 nikamsindikiza. Nilikuwa nimejiunga bando la wiki nzima na juu yake nina salio la elfu kumi na tano, nikajiona tajiri. Kumbe mawimbi hayana pasipoti. Kabla hata hatujashuka kwenye gari pale Namanga, simu yangu ilishadaka mtandao wa Kenya. Mwenyewe kwa kiherehere nilikuwa nimewasha kile kitufe cha romingi, yaani ruhusa ya laini yako kutumia intaneti ya mtandao wa nchi nyingine. Basi bwana, wakati mimi niko kwenye foleni nacheka na dada mmoja wa Moshi, simu mfukoni inavuta video za magrupu na kujisasisha programu zake. Kuja kuitoa, salio sifuri. Bando langu la wiki lipo pale pale, halijaguswa!

Hapo ndipo wengi tunapoumia. Bando la nyumbani ni la nyumbani. Ukivuka, kila MB inakatwa kwenye salio kwa bei ya nje, isipokuwa umejiunga kifurushi cha romingi chenyewe. Nacho kina masharti yake. Kinafanya kazi kwenye nchi zilizotajwa tu, na mara nyingi kwa mitandao fulani tu ya nchi hiyo. Simu ikijichagulia mtandao mwingine, unaweza kukatwa kama mtu asiye na kifurushi.

Nilirudi Miyuji nimeapa. Romingi mwiko! Kwa hiyo Novemba 2024, mama mdogo alipokwenda peke yake, nikampa somo la kibabe. "Mama mdogo, ukifika mpakani toa laini ya Bongo kabisa, weka ya Kenya. Unanunua kwa pasipoti yako, unaunga bando lao, kwisha kazi."

Akafuata neno kwa neno, maskini. Laini ya Bongo akaizungushia karatasi, akaitia kwenye kipochi cha chenji. Kesho yake Eastleigh kapata mashuka ya bei nzuri, kakubaliana na mwenye duka, kafungua programu ya benki ahamishe pesa. Benki ikasema imetuma namba ya uthibitisho kwa meseji. Imetuma wapi? Kwenye laini ya Bongo. Kufungua kipochi, karatasi haipo. Kitu chenyewe kidogo kama ukucha, nani ajue kilidondokea matatu gani?

Akanipigia. "Wewe mtoto, umeniua." Sikuwa na jibu. Kwetu laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, na tangu Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Ukipoteza, wakala anataka kidole chako chenyewe, siyo cha mpwa wako aliyeko Miyuji. Ikabidi mama mdogo arudi Namanga upande wetu, alale gesti, arudishe laini, ageuze tena Nairobi. Siku mbili zimekwenda. Mashuka yamebebwa na mama mmoja wa Kampala. Krismasi ile kibanda chake kilikuwa cheupe, na ada ya Januari ya binamu yangu ililipwa kwa mkopo. Kwa mwezi mzima nilikuwa nampita nyumbani kwake nimeinamisha kichwa.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza "Bando gani la bei rahisi nje?", mimi namuuliza kwanza nani atakutafuta huko, na kwa namba ipi. Namba yako ya Bongo ndiyo funguo ya benki na ya pesa za kwenye simu. Hiyo haitoki. Simu nyingi tunazotumia zina nafasi ya laini mbili. Ya Bongo ikae ya kwanza, intaneti yake ya romingi izimwe, ibaki ya kupokea meseji, ambazo kwa kawaida hukatwi ukizipokea. Lakini simu ya mtu ukiipokea unaweza kukatwa, hivyo waambie nyumbani mapema. Na kabla hujaondoka, uliza mtandao wako kama romingi ya laini imefunguliwa, la sivyo hata hiyo meseji haiji. Nafasi ya pili weka laini ya mwenyeji, hiyo ndiyo ya bando.

Bando kubwa kiasi gani? Simu ya sauti ya WhatsApp inakula kama nusu MB hadi MB moja kwa dakika. Ukiongea nusu saa kila siku, wiki nzima hufiki MB 250. Kinachomaliza watu ni video. Kenya pia kuna kitu kizuri, Safaricom tangu Oktoba 2019 wana bando lisilo na muda wa kuisha. Unaweza kuona bei yake iko juu kidogo, ila kwa mtu anayekwenda na kurudi kama mama mdogo, linalobaki linamsubiri.

Wasiojua historia watashangaa kwamba mwaka 2006 Celtel ilishaunganisha laini za Kenya, Uganda na Tanzania, ukawa unapiga jirani kama uko kwako. Mwaka 2014 Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini nao wakaanza mpango wao wa mtandao mmoja, sisi hatukuwemo.

Wanaokwenda Dubai, hilo ni jingine. Falme za Kiarabu zimezuia simu za WhatsApp kwa miaka mingi, kwa hiyo unaweza kununua GB hamsini na bado mama asikusikie sauti. Meseji zinakwenda. Ulaya ni kinyume chake. Tangu Juni 2017, laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya unaitumia nchi nyingine za umoja huo bila nyongeza ya romingi, ila bando lake linaweza kuwa na kikomo ukiwa nje. Uingereza ilishatoka kwenye umoja, usijichanganye. Na kama simu yako ni ya kisasa inayopokea eSIM, laini isiyo na kadi, unainunua ukiwa bado kwako Miyuji. Hakikisha tu simu haijafungwa kwa mtandao mmoja, na ujue laini nyingi za aina hiyo ni za intaneti tu, hazina namba ya kupigiwa.

Mwezi uliopita mama mdogo alikwenda tena. Laini zote mbili nilimwekea mwenyewe, na kabla hajapanda gari tulijaribu meseji ya benki mara tatu. Saa tano asubuhi akapiga video akiwa Eastleigh, mashuka yamejaa nyuma yake mpaka darini.

"Nimeshalipa," akasema. "Wewe mtoto, chagua rangi ya pazia lako, halafu ukate simu, unanimalizia bando."