Elimu ya bustani Handeni na Korogwe (3): Bei kabla ya mbegu

Wiki iliyopita tuliishia kwenye matuta ya Usambara, yaliyolazimishwa kwa sheria za kikoloni na kukataliwa na wakulima. Uhuru ulileta fikra nyingine. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi walime shamba la shule, washiriki kulipangia na waone hesabu za mapato yake. Kilichofika shule nyingi ni jembe peke yake. Mchelewaji aliadhibiwa kwa kumwagilia mchicha, na hesabu za mauzo hakuziona. Sishangai kizazi hicho kilikimbia bustani.

Waliosomea fani ya bustani kwa undani walikwenda Tengeru au Chuo Kikuu cha Sokoine, wakarudi vijijini mabwana shamba na mabibi shamba. Walifundisha nafasi ya miche, mbolea na dawa. Tusiwabeze, maana dawa bila ujuzi ni hasara. Mdudu aitwaye kantangaze alipoingia nchini mwaka 2014, wakulima wengi walimwaga sumu bure, kwani kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani na tunda la nyanya.

Mgeuko mkubwa ulikuja mwaka 2019, pale SHEP, mfumo wa kuwafundisha wakulima wadogo wa bustani uliozaliwa Kenya mwaka 2006 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, ulipoletwa Arusha, Kilimanjaro na Tanga. Kaulimbiu yake ni "anzia sokoni, malizia shambani". Kikundi huchagua wawakilishi, wake kwa waume, waende sokoni kuwahoji wanunuzi: mnataka aina gani, mwezi gani, mnapima kwa tenga au kwa kilo, mnalipa lini? Wakirudi ndipo zao linachaguliwa.

Kwa mboga, somo hili limekaa vizuri. Mkulima wa Mombo, wilayani Korogwe, mwenye maji ya mfereji anaweza kuacha nyanya msimu huu akapanda vitunguu. Machungwa ya Handeni ni habari nyingine: mti husubiriwa miaka kadhaa, na bei ikianguka huwezi kuung'oa. Anachohitaji mwenye shamba la machungwa ni kujua kukadiria mzigo ungali mtini, kabla mnunuzi hajaukadiria yeye kwa jicho. Tena Handeni hutegemea mvua. Hata maji ya bomba ya mji wake huvutwa kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe.

Juma lijalo tutautazama mkondo wa amali wa shule za sekondari, ulioanza na kidato cha kwanza mwaka 2024, na swali la nani atailipia pampu ya bustani ya shule.