Chai ya Rangi na Utando wa Ateri

Mtu akisikia chai hufaa moyo, hujimiminia kikombe cha pili na kukitia vijiko vinne vya sukari. Hapo ndipo ninapokereka. Kinachosifiwa ni majani, si shira. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi, ikiwezekana, gramu 25 kwa siku, yaani vijiko vya chai kama 6. Vikombe viwili vya namna hiyo vishavuka mpaka.

Ndani ya majani mna kemikali ziitwazo flavonoidi, na shabaha yake si moyo wenyewe, bali utando wa ateri. Ateri zimetandikwa kwa ndani utando wa safu moja tu ya seli. Damu ikienda kasi, utando huo hutoa gesi ya oksidi ya nitriki, misuli ya mshipa ikalegea, njia ikapanuka. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo uliwapa Wamarekani watatu Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Namna ya kuupima utando huu inanifurahisha. Mkono hubanwa kwa mkanda kama wa kupimia presha, dakika 5, damu isipite. Ukilegezwa, damu hufurika, na altrasaundi huonyesha mshipa umetanuka kiasi gani. Huko Boston, utafiti wa 2001 uliwapa wagonjwa wa ateri za moyo chai nyeusi kwa wiki 4: mishipa yao ilitanuka vizuri kuliko walipokunywa maji.

Mwaka 2007, madaktari wa Charité, Berlin, waliwajaribu wanawake 16. Chai ya rangi ilitanua mishipa; ilipotiwa maziwa, faida ikatoweka. Waliishuku kaseini, protini ya maziwa inayozinasa katekini, flavonoidi za chai. Wapenzi wa chai ya maziwa wasinune bado: watu 16 ni wachache, na uchunguzi wa Waingereza karibu nusu milioni, uliotoka 2022, ulikuta vifo vichache kidogo kwa wanywaji wa vikombe viwili au zaidi kwa siku, wawe wametia maziwa au la.

Kenya nayo ilitoa mwaka 2011 mche wa chai ya zambarau, TRFK 306, wenye tele ya anthosianini, flavonoidi zinazoupa rangi hiyo. Itafute dukani mtaani kwenu uone utakavyohangaika!

Mengineyo: usinywe chai ikiunguza, zaidi ya nyuzi 65, kwa usalama wa umio; mwenye upungufu wa damu aitenge na mlo, maana huzuia mwili kufyonza madini ya chuma.