Corolla, Taji Dogo la Kijapani

Marehemu baba yangu alikuwa na Toyota Corolla rangi ya maziwa. Kila Idi tukipangwa ndani, watoto sita nyuma, mama mbele na mkate wa sinia mapajani, tukashika njia ya Malindi kwenda kuwaamkia wazee. Daraja la Kilifi lilikuwa bado kujengwa, basi tukingoja feri juani. Na hapo ndipo nilipojifunza kusoma lile jina la chuma lililobandikwa nyuma ya gari.

Jina lenyewe ni la Kilatini, maana yake taji dogo. Tatsuo Hasegawa, aliyeongoza kazi ya kuliunda, hakuanzia magarini. Alikuwa mchoraji wa ndege za vita. Japani iliposhindwa mwaka 1945 ikakatazwa kuunda ndege, naye akaenda Toyota. Alishika kauli moja: gari la watu wengi lazima lipate alama 80 kwa 100 katika kila jambo, kisha katika machache lizidi hapo. Injini ya alama 100 na viti vya alama 40, kwake hilo limeanguka mtihani. Waama, nimepata kuwajua walimu wa chuo waliotupima hivyo hivyo.

Sasa njoo kwenye ushindani. Aprili 1966 Nissan walitoa Datsun Sunny, injini ya cc 988, jina lake limechaguliwa kwa shindano lililoletewa mapendekezo mamilioni. Toyota nao walikusudia injini ya cc 1,000. Wakabadili nia kazi ikiwa imeshaanza, wakatoka Novemba ya mwaka ule ule na cc 1,077, na hiyo ziada ndogo wakaitangaza kila pembe. Nissan hawakulala. Mwaka 1970 walikuja na Sunny 1200, tangazo lao likicheka kwamba gari la jirani sasa laonekana dogo! Aliyenufaika na vita hivyo ni karani wa Kijapani mwenye mke na watoto.

Mwaka 1974 Corolla iliuzwa kuliko gari lolote duniani. Mwaka 1997 ikaipita Volkswagen Beetle, na 2021 zikatimia milioni 50. Hapa nina neno. Beetle ilidumu na sura yake. Corolla ilibadilishwa kila kitu, hata mwaka 1983 nyingi yazo zikaanza kuvutwa na magurudumu ya mbele badala ya kusukumwa na ya nyuma. Ni kama shairi lililobadilishwa beti zote, kikabaki kibwagizo. Jee, ni shairi lile lile? Sunny, kwa upande wake, ilikoma kuuzwa Japani mwaka 2004.

Mwanangu amenunua Corolla iliyokwisha tumika, imeshushwa Kilindini. Wajapani hupita kushoto kama sisi, kwa hivyo usukani uko pale pale tulipouzoea. Idi iliyopita tulikwenda nayo Malindi. Daraja la Kilifi tulilivuka mara moja. Mama akatazama maji kule chini, akaushika vizuri mkate wake wa sinia.