Je, Wajua? Siri za Ukuta wa Krimu

Ukimwuliza fundi rangi akuchagulie rangi ya sebule, huenda akataja krimu: ile nyeupe isiyo kali, yenye umanjano wa mbali. Wengi huiona rangi ya kawaida tu. Je, wajua kwamba…

Weupe wake huanzia kwenye mchanga mweusi? Unga unaozipa rangi za leo weupe ni dioksidi ya titani, na chanzo chake kikuu ni ilmenaiti, madini meusi ya mchangani. Kwale, pwani ya Kenya, ilianza kuyauza nje mwaka 2014, yakipakiwa melini Likoni, hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Unga huo hupinda mwanga kuliko almasi, ndiyo maana mikono miwili ya rangi yatosha kuficha madoa ya ukutani.

Umanjano wake ni kutu? Ili nyeupe iwe krimu, huongezwa matone ya oksidi ya chuma ya njano, wakati mwingine na nyekundu au nyeusi kidogo. Ni jamaa ya kutu ya bati kuukuu, ila hii hutengenezwa kiwandani. Kwa kuwa kutu haichujuki upesi juani, krimu hudumu.

Zamani nyeupe iliwadhuru watu? Kabla ya titani, weupe mara nyingi ulitokana na risasi, ambayo ni sumu. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuizuia katika upakaji rangi ndani ya majengo, na Marekani iliipiga marufuku katika rangi za nyumbani mwaka 1978. Kwa hiyo rangi ya zamani sana usiikwangue kavu kwa msasa, hasa penye watoto: vumbi lake ndilo hatari.

Chokaa hurudi kuwa jiwe? Kuta za kale za Lamu na Zanzibar zilipakwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa juu ya kuni, kisha kumwagiwa maji. Ikishapakwa, hufyonza hewa ya kaboni na kugeuka tena kuwa jiwe jembamba. Ikiwa mbichi huonekana hafifu, hung'aa ikikauka. Rangi ya maji kwa kawaida hufanya kinyume: hukolea ikikauka.

Rangi ya mafuta hugeuka njano gizani? Nyuma ya kabati au kwenye ukumbi usio na dirisha, nyeupe ya mafuta hupata umanjano kuliko ile inayopigwa na mwanga wa mchana. Mahali pa namna hiyo, rangi ya maji ni salama zaidi.

Dari huweza kuuchafua ukuta bila kuugusa? Mwaka 1839 Michel-Eugène Chevreul, mkemia wa Ufaransa aliyesimamia utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya Gobelins, alieleza jinsi rangi mbili zinazopakana zinavyobadilishana sura machoni. Krimu chini ya dari jeupe pe huonekana njano kuliko ilivyo kwenye ndoo.

Balbu nayo ni fundi? Taa ya kelvini 2700 huikoleza krimu. Ya 6500 huipoza hadi ikakaribia kijivu. Kabla ya kununua ndoo nzima, paka kipande cha mbao, kiegemeze ukutani, ukitazame mchana na tena usiku taa zikiwaka.