Umefuta faili kwa bahati mbaya? Usihifadhi kitu kingine kwanza

Vyeti vya shule, wasifu wa kuombea kazi, picha za ndugu waliobaki nyumbani: wengi wetu, wakimbizi na wenyeji, huviweka kwenye kompyuta, na mara nyingi kompyuta hiyo hutumiwa na watu kadhaa. Mtu mmoja akibonyeza pasipotakiwa, faili hutoweka. Usikate tamaa. Mara nyingi faili iliyofutwa bado imo ndani, na utakachofanya muda mfupi baada ya kuifuta ndicho kitakachoamua kama utaipata.

Kwa nini faili inaweza kurudi?

Ukifuta faili, kwa kawaida kompyuta haiondoi yaliyomo papo hapo. Inaweka tu alama kwamba nafasi ile sasa iko wazi. Ni kama chumba cha kupanga ambacho jina la mpangaji limefutwa kwenye daftari, lakini vyombo vyake bado vimo ndani. Mpangaji mpya akiingia, vyombo hutolewa. Vivyo hivyo, ukipakua wimbo, ukihifadhi picha au hata ukitumia intaneti, kompyuta inaweza kuandika juu ya nafasi hiyo, na faili ya zamani haitarudi tena.

Fuata hatua hizi

1. Acha kuitumia kompyuta hiyo. Waeleze na wenzako wasiitumie kwa muda.

2. Angalia pipa la taka. Kwenye Windows linaitwa Recycle Bin. Lifungue, bofya faili yako kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha chagua "Restore". Faili itarudi mahali ilipokuwa. Lakini iliyofutwa kwenye flashi, au kwa kubonyeza Shift na Delete pamoja, kwa kawaida haipiti humo.

3. Tafuta nakala kwingine, ukitumia simu au kompyuta nyingine. Je, uliwahi kumtumia mtu faili hiyo kwa barua pepe au WhatsApp? Tafuta kwenye ujumbe uliotuma. Kama iliwekwa Google Drive, vilivyofutwa hukaa kwenye taka yake siku 30.

4. Tumia programu ya kurejesha. Recuva na PhotoRec zinapatikana bure. Ipakue kwa kompyuta nyingine, uiweke kwenye flashi na kuiendeshea humo. Faili zitakazopatikana zihifadhi kwenye flashi, kamwe si kwenye diski ileile unayoitafutia. PhotoRec hurudisha faili bila majina yake ya awali, kwa hiyo utalazimika kuzifungua moja baada ya nyingine.

Wakati ambapo ni vigumu

Kompyuta nyingi mpya hutumia diski ya aina ya SSD. Diski hizi husafisha nafasi iliyofutwa zenyewe, wakati mwingine ndani ya muda mfupi sana, hivyo programu huenda isipate kitu. Na kama diski inagonga-gonga au kukwaruza, imeharibika. Zima kompyuta. Kuendelea kujaribu kunaweza kuiharibu zaidi.

Ukienda kwa fundi

Kubalianeni bei kabla hajaanza, na muulize utalipa kiasi gani asipopata kitu. Kumbuka kwamba anaweza kuona kila kitu kilichomo, pamoja na nyaraka za familia na za kesi yako. Ikiwezekana, kaa naye akifanya kazi, na hakikisha habaki na nakala.

Usimlipe mtu anayedai kwamba faili iliyofutwa imeharibu kesi yako na kwamba yeye ataitengeneza. Huduma za UNHCR na mashirika yanayoshirikiana nayo hutolewa bure. Ikiwa umepoteza waraka unaohusu usajili wako, nenda mwenyewe kwenye ofisi husika ukaeleze.

Jikinge kabla ya kupoteza

Weka nakala ya kila waraka muhimu mahali pawili tofauti: kwa mfano flashi unayoitunza nyumbani, na barua pepe yako mwenyewe yenye nywila ambayo hujampa mtu. Ukimaliza kutumia kompyuta ya pamoja, toka kwenye akaunti yako. Karatasi halisi nazo zitunze kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, maana faili ya kompyuta ni nakala tu.